Mvua ya bomba Kongwa: mbona shamba lililolimwa limekataa maji mapema kuliko lisilolimwa?

#1 Mwanakongwa
Wakuu, salaam. Wiki iliyopita wanafunzi wa chuo walikuja kwa baba mdogo hapa Kongwa na mashine ya kunyeshesha mvua. Ni fremu ya chuma inayompita mtu kimo, juu ina nozeli moja inayotazama chini, pampu ya petroli, na tangi la lita 1,000 kwenye pikapu. Ardhini wakapigilia bati la mraba, mita moja kwa mita moja, likazama kiasi cha kidole. Upande wa mteremko bati lina mdomo unaomwaga maji kwenye jagi. Wakazungushia turubai kukinga upepo, wakafungua mvua ya milimita 60 kwa saa.

Kipande cha kwanza kilikuwa palipolimwa kwa plau wiki mbili kabla. Udongo mwekundu, laini, ukikanyaga mguu unazama. Cha pili ni hatua kumi kutoka pale, hapajaguswa na jembe misimu mitatu, mabua ya mtama yamelala juu. Mimi na baba mdogo wote tulisema palipolimwa patakunywa zaidi. Maji yakaanza kutoka mdomoni dakika ya 6, mekundu kama chai ya rangi. Kwenye mabua yalitoka dakika ya 31, tena kidogo, na karibu yawe meupe.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Mwaka juzi alikuja mtaalamu mwingine na pete ya bati, akaipigilia palepale panapolimwa, akajaza maji. Yalizama kama yamemwagwa mchangani. Shamba moja, majibu mawili. Tuamini pete au tuamini mvua?

#2 Chemba ya Pili
Amini pete. Mvua gani inanyesha saa nzima kwa nguvu ileile? Ya kwetu inapiga robo saa, inapoa, inarudi. Halafu milimita 60 ni nyingi mno kwa nchi ya Ugogo.

#3 Mpima Mvua
@Chemba ya Pili hapo umechanganya kasi na jumla, mkuu. Milimita 60 kwa saa ni kasi. Ikinyesha hivyo robo saa, kwenye kipima mvua utakuta milimita 15 tu, na mvua ya namna hiyo Dodoma tunaiona kila msimu, ile inayoanza na upepo wa vumbi. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo bati lile lilikuwa linapokea lita moja kila dakika. Ukiona kwenye jagi inaingia nusu lita kwa dakika, ujue nusu nyingine imezama, yaani udongo unakunywa milimita 30 kwa saa. Hesabu yote ni hiyo: kilichonyesha, toa kilichokimbia.

Hilo la mvua kubadilika nguvu nakubaliana nawe. Mashine haiigi hilo.

#4 Mama Matandazo
Mwanakongwa, baada ya mvua ya bomba ulirudi kupaangalia palipolimwa pakikauka? Nenda na kisu. Utakuta ukoko mwembamba kama ule wa chini ya sufuria ya ugali, unanyanyuka vipande vipande, na chini yake udongo ni mkavu kabisa. Tone linapiga, linavunja vibonge, vumbi laini linaingia kwenye vitundu na kuviziba. Kwenye mabua tone linapiga bua, linateleza chini polepole. Pete haina tone hata moja, maji yamesimama tu, ukoko utatoka wapi?

Nimelima kwa matandazo miaka tisa, hili silisomi, naliona.

#5 Mstaafu wa Ugani
Mama Matandazo yuko sahihi, na ushahidi upo jirani kabisa na huyo kijana. Pale Mpwapwa, kati ya 1933 na 1935, mtafiti Staples aliweka vipande vya kupima maji na udongo unaochukuliwa na mvua. Kipande kilichoachwa uchi kilipoteza kama nusu ya mvua yote, na udongo kama tani 146 kwa hekta kwa mwaka. Palipolimwa uwele, maji yaliyokimbia yalikuwa asilimia 26. Palipoota nyasi, asilimia 2 haikufika. Kichaka kisicholishwa mifugo, hata asilimia moja haikutimia. Hiyo ni miaka ya 1930, mvua ya bandia kwetu haijaonekana.

#6 Chemba ya Pili
Mzee wangu, shikamoo. Lakini si umenisaidia mimi? Mpwapwa walitumia mvua ya Mungu na wakapata jibu. Pampu ya petroli ya nini?

#7 Mstaafu wa Ugani
Marahaba. Ya nini? Ya muda. Mvua ya Mungu unaisubiri. Nimewahi kukaa na vipande vyangu msimu mzima, mvua kubwa zikaja tatu, mbili usiku, na moja ilifurika mapipa yote nikakosa kipimo. Kwa mashine unapata siku moja kile ambacho ningekipata kwa miaka miwili, na unalinganisha shamba na shamba chini ya mvua ileile.

#8 Kijana wa Maabara
Niko Morogoro nasomea udongo, na mashine kama hiyo nimeibeba mgongoni, kwa hiyo niruhusuni niseme kirefu kidogo.

Pete na mvua havipimi kitu kimoja. Kwenye pete maji yana kina, kwa hiyo yanasukuma kwenda chini, na yanatoroka pembeni chini ya bati. Ndiyo maana wengine hutumia pete mbili, moja ndani ya nyingine, ili maji ya nje yazuie yale ya ndani yasitawanyike. Hata hivyo tone bado halipo. Kwa udongo unaoshika ukoko, pete itakupa namba kubwa kuliko hali halisi karibu kila mara.

Ila mashine nayo ina udhaifu wake. Tone la milimita 2 la mvua halisi linafika chini kwa kasi ya karibu mita 6.5 kwa sekunde, na la milimita 5 karibu mita 9. Tone likidondoka lenyewe kutoka mita 2 halifikii kasi hiyo. Nozeli inayosukuma kuelekea chini inasaidia, kwa sababu tone halianzii sifuri. Muulizeni mwenye uzi presha ilikuwa ngapi, na kama waliweka vikopo kupima kama mvua inaenea sawasawa.

#9 Mwanakongwa
Vikopo waliweka, 25, kabla ya kuanza. Vya pembeni vilipata pungufu kidogo. Presha sikuiuliza. @Mama Matandazo ukoko nimeukuta leo asubuhi, unene kama ganda la yai. Shukrani.

#10 Jembe la Ng'ombe
Mnaukimbilia ukoko haraka. Mimi nasema ni sakafu ya jembe. Plau ikipita miaka kumi kwenye kina kilekile, chini yake panakuwa kama saruji. Maji yakifika pale yanagoma, yanarudi juu. Na Kongwa hasa! Waingereza walileta mitambo mizito pale kwa karanga kuanzia 1947, kiangazi udongo ukawa mgumu ukala majembe ya chuma, na 1951 mradi ukafa. Udongo ule una historia.

#11 Mpima Mvua
@Jembe la Ng'ombe historia ni kweli, lakini hesabu inakukataa. Hadi dakika ya 6 kilikuwa kimenyesha lita 6, yaani milimita 6 tu. Udongo mkavu uliolimwa sentimita 15 unaweza kushika milimita 30 na zaidi kabla haujajaa. Maji hayakuwa hata yamefika kwenye sakafu yako.

#12 Jembe la Ng'ombe
Sawa, dakika ya 6 nakuachia. Ila baada ya nusu saa? Mashine iliendelea saa nzima. Palipolimwa kipimo cha mwisho kilikuwa ngapi?

#13 Mwanakongwa
Nilinakili kwenye daftari. Dakika ya 60 palipolimwa: jagi lilipata mililita 710 kwa dakika. Kwenye mabua: 180.

#14 Mpima Mvua
Basi palipolimwa panakunywa 290, sawa na milimita 17 kwa saa. Kwenye mabua 820, milimita 49. Huko mwishoni sakafu ya jembe inaweza kuwa na mkono wake, sikatai.

#15 Mutua wa Mwala
Hamjambo ndugu wa Bongo. Kwetu Machakos watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipita na mvua bandia tangu miaka ya 1970, kwa hivyo hii si ngeni. Na mitaro ya fanya juu, ile ambayo udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, tunayo kila kilima. Hilo jina hata wazungu wameliandika vivyo hivyo kwenye vitabu vyao, hawakupata la kulibadilisha.

Mimi ningependa kujua matone ya ile bomba yalikuwa makubwa kiasi gani. Hiyo ndiyo siri.

#16 Kijana wa Maabara
@Mutua wa Mwala hilo unaweza kulipima jikoni kwako. Chukua sahani, jaza unga wa ngano uliochekechwa, usawazishe bila kushindilia. Itoe kwenye mvua sekunde mbili tatu, ifunike, irudishe ndani. Kila tone linageuka kidonge cha unga. Kikaushe, chekecha, utabaki na vidonge vya ukubwa tofauti. Mmarekani Wilson Bentley, yule maarufu kwa picha za theluji, alichapisha njia hiyo mwaka 1904, na Laws na Parsons wakaitumia 1943 kwa kazi ambayo watu wa udongo tunaitegemea hadi leo.

#17 Fundi Visima
Samahani wataalamu, mmejadili nozeli, mmejadili plau, hakuna aliyeuliza maji yalitoka wapi. Mwanakongwa, lile tangi mlilijaza wapi?

#18 Mwanakongwa
Kisima cha kijiji. Maji magumu. Sabuni haitoi povu, na sufuria linaota magamba meupe ndani.

#19 Fundi Visima
Nilijua. Hiyo si mvua basi. Mvua haina chumvi. Udongo wa mfinyanzi ukikutana na maji yenye chumvi unashikamana, ukikutana na maji ya mvua unasambaratika na kuziba vitundu. Mvua halisi ikija, hizo dakika 6 zitakuwa 3.

#20 Nyanda wa Magu
@Fundi Visima mbona kwetu chumvi ndiyo inaua udongo? Ibambasi, aina mojawapo ya udongo wetu Usukumani, ina chumvi na haipitishi kitu, mvua ikinyesha maji yanasimama wiki nzima. Luseni inakunywa, itogolo inategemea, ibambasi inakataa. Wazee hawakuhitaji pampu kujua hilo.

#21 Kijana wa Maabara
Nyote wawili mna haki, chumvi ndizo zinazotofautiana. Magamba meupe kwenye sufuria ni ya kalisi, na kalisi inaunganisha mfinyanzi. Ibambasi imejaa sodiamu, na sodiamu inautawanya. Kipimo chepesi ni cha Emerson, 1967: weka kibonge kikavu kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, kiache. Kikiporomoka tu na maji yakabaki angavu, ni jambo moja. Maji yakiwa na ukungu kama maziwa yaliyochanganywa na maji, mfinyanzi umetawanyika.

Ila sikubali kwamba dakika 6 zitakuwa 3. Kibonge kikavu kikiloa ghafla kinapasuka kwa sababu ya hewa iliyobanwa ndani, na hilo linatokea hata kwa maji ya kisima.

#22 Mama Matandazo
Nyanda, kwani maji yakikataa kuzama kwenu si ndiyo mnalimia mpunga?

#23 Nyanda wa Magu
Ndiyo maana nasema "kukataa" si ugonjwa, mama. Maji yanayotiririka juu tunayapokea chini kwenye majaruba. Ungepanda mabua shamba lote la juu, jaruba langu lingekauka. Mnahesabu hasara ya mwenye mtama, nani anahesabu ya mwenye mpunga?

#24 Mluguru wa Mgeta
Na kwetu milimani kuzama ndiko kunakotisha. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha kama milimita 100 ndani ya saa tatu, milima ya Mgeta ikaporomoka zaidi ya sehemu elfu moja. Karibu maporomoko yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi, msituni machache mno. Bibi yangu alikuwa anasimulia sauti ilivyokuwa, kama lori linashusha mawe, linanyamaza, linaanza tena upande mwingine. Maji yaliyozama ndiyo yaliyolegeza mlima. Bati la mita moja halitakuonyesha hilo.

#25 Jembe la Ng'ombe
Pole sana kwa hilo, ndugu. Na umegusa jambo: mita moja. Shamba la baba mdogo lina urefu wa mita 200. Maji yanayokimbia hapa yanaweza kuzama pale kwenye kichuguu au shina la mbuyu. Ukizidisha jagi mara eneo la shamba, utapata mto ambao haupo.

#26 Mstaafu wa Ugani
Kweli tupu. Tumia mashine kulinganisha, usiitumie kukadiria mto. Na @Mama Matandazo, kuhusu tone: mtafiti Hudson alilimaliza suala hilo kule Kenya kwa wavu wa mbu.

#27 Kijana wa Maabara
Mzee, kwa heshima, haikuwa Kenya. Ni kituo cha utafiti cha Henderson, Rhodesia, Zimbabwe ya leo, miaka ya 1950. Vipande viwili vya udongo mtupu, kimoja kikatandikiwa wavu laini wa waya juu kidogo ya ardhi. Maji yalipita yote, ila yalidondoka kama manyunyu. Kipande kisicho na wavu kilipoteza udongo zaidi ya mara 100.

#28 Mstaafu wa Ugani
Nimesahihishwa. Asante.

#29 Mchwa Mwekundu
Kurasa nzima na hakuna aliyenitaja! Misimu mitatu ya mabua chini Kongwa ni misimu mitatu ya karamu ya mchwa. Mwanakongwa, walipotoa bati kwenye mabua uliona nini?

#30 Mwanakongwa
Nilinyanyua mabua kwa mkono. Chini kuna vijia vya udongo kama mishipa, na vitundu vinavyoingia njiti ya kiberiti. Nilihesabu 14 ndani ya ule mraba. Kwenye palipolimwa hakuna hata kimoja.

#31 Mchwa Mwekundu
Nimemaliza. Mashine haikupima mabua, ilipima mchwa. Kitundu kimoja kinachoenda chini ya sakafu ya jembe kinatosha kubadilisha jibu lote.

#32 Mpima Mvua
Au ilipima bahati. Walirudia mara ngapi?

#33 Mwanakongwa
Mara mbili kila upande. Maji ya tangi yaliisha.

#34 Mpima Mvua
Mara mbili ni chache kwa udongo wenye vitundu. Bati lingesogea hatua moja, vingekuwa vitatu au thelathini. Na je, walirudia kesho yake udongo ukiwa umeloa? Utaratibu wa siku nyingi unataka mvua kwenye udongo mkavu, halafu nyingine baada ya siku moja.

#35 Mutua wa Mwala
Nimerudi na unga! Jana jioni mvua ilinyesha huku, binti yangu akatoka na sahani. Baada ya kukausha na kuchekecha, vidonge vingi ni kama uwele, vichache kama choroko. Leo tumenyunyizia sahani nyingine kwa keni ya bustani: vyote uwele, choroko hakuna hata moja. Hiyo choroko ndiyo inayovunja udongo, na keni haina.

#36 Mama Matandazo
Mutua, mpe binti zawadi. Hiyo nimeipenda kuliko namba zote.

#37 Mwanakongwa
Wakuu, nimeshindwa kukaa. Jumapili mimi na baba mdogo tumefanya ya kwetu. Tulikata pipa, tukapata bati la mraba la nusu mita, tukapanda kwenye ngazi na keni, robo lita kila dakika ili iwe kasi ileile. Najua keni haina choroko, @Mutua, tulipanda juu kadiri tulivyoweza.

Palipolimwa uchi: maji dakika ya 9. Palipolimwa, tukatandika mabua siku hiyohiyo, mchwa hawajajua: dakika ya 23. Pale pasipolimwa na mabua yake: tuliacha dakika ya 40, hayakutoka. Pasipolimwa, tukaondoa mabua: dakika ya 12.

Glasi za Emerson nazo: kwenye maji ya kisima kibonge kiliporomoka, maji yakabaki angavu. Kwenye maji ya mvua niliyokinga Machi, hadi asubuhi yalikuwa na ukungu.

#38 Fundi Visima
Glasi imesema nilichosema. Rudia shambani kwa maji ya mvua.

#39 Mama Matandazo
Dakika 9 kwenda 23 kwa mabua ya siku moja. Mchwa hawamo. Ni tone.

#40 Jembe la Ng'ombe
Na 23 kwenda zaidi ya 40? Hapo si tone, mama. Pana kitu chini ya ardhi ambacho plau imekivunja.

#41 Mchwa Mwekundu
Mimi imenishangaza hiyo 12. Vitundu vipo, mabua yametoka, maji yangepita tu. Mwanakongwa, mabua uliyaondoaje? Uliyanyanyua kama siku ile, au ulifagia?

#42 Mwanakongwa
Tulifagia. Ufagio wa chelewa, ili pawe safi kabisa.

#43 Mchwa Mwekundu
Basi mliviziba vitundu kwa vumbi kabla ya tone la kwanza. Rudieni, mnyanyue bua moja moja kwa mkono, na mhesabu vitundu kabla na baada.

#44 Fundi Visima
Na mkirudia, tumieni maji ya mvua. Mmebakiwa nayo kiasi gani?

#45 Mwanakongwa
Madumu mawili. Kwa bati letu ni dakika 160, yanatosha vipande vinne. Jumamosi asubuhi, kabla ya upepo. Baba mdogo ameshazuia mtu yeyote kupita pale.